Petroli Ambayo Sikuisikia

Mafua yaliniacha baada ya wiki mbili, lakini pua yangu haikurudi. Kahawa ikawa maji ya moto tu. Nilivua nguo za kazi zilizolowa oili bila kusikia harufu yoyote. Sikumwambia mtu, hata mke wangu, maana kule Buyenzi nilijulikana kwa pua.

Ni kipindi kile petroli ilikuwa imeadimika, na magari mengi ya Bujumbura yalilala uani miezi na miezi. Gari la kabureta likikaa hivyo, linakataa kuwaka, na wenyewe walinifuata mimi. Nilikuwa napiga stata mara tatu, kisha nanusa bomba la moshi. Harufu ikiwepo, petroli inafika, basi tafuta kwenye plagi. Isipokuwepo, petroli ya zamani imekauka ndani ya kabureta na kuacha gundi. Nilimaliza kwa pumzi moja kazi ambayo wenzangu waliifanya asubuhi nzima.

Nilifanya kazi na shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Mimi ndiye niliyemfundisha ufundi. Siku hiyo tuliitwa Kinanira kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mama huyo alikuwa amepanga foleni siku tatu akapata kidumu cha petroli, na gari lake dogo lilikuwa halijawashwa kwa zaidi ya mwaka.

Tulifunga betri nyingine. Nikafungua plagi: kavu, na moto wake mzuri. Tukamimina petroli mpya, tukapiga stata. Halikuwaka.

Nilienda nyuma nikainama kwenye bomba, kama kawaida yangu. Nilivuta pumzi. Hakuna kitu. Ningeweza kumwita shemeji anuse yeye. Badala yake nilisimama, nikasema kwa sauti ya fundi mkubwa, "Petroli haifiki. Sindano ya kabureta imekwama, imeziba."

Nilipiga bakuli la kabureta kwa mpini wa spana, ili sindano iachie petroli ipite. Kisha nikamwambia shemeji amimine petroli kidogo kwenye mdomo wa kabureta na auzibe kwa kiganja ili injini iivute, mimi nipige stata. Nikaingia ndani ya gari.

Aliinama, halafu akainua kichwa.

"Shemeji, mi nasikia esansi mingi hapa."

"Ni hiyo petroli iliyokumwagikia mukononi."

"Apana, iko mingi. Tuangalie kwanza."

"Mi nimeshanusa," nikamjibu. "Ziba."

Akaziba.

Sindano ilikuwa imekwama kweli, lakini ikiwa wazi. Petroli ilikuwa inafurika tangu tulipoimimina na kutiririka juu ya injini. Ningefungua plagi mara ya pili ningeikuta imelowa. Sikufungua. Nilipiga stata, injini ikakohoa mara moja, na moto ukatokea kwenye mdomo wa kabureta, chini ya kiganja chake.

Sikumsikia akipiga kelele. Nilimsikia mwalimu. Nilipotoka, shemeji alikuwa anarudi nyuma, mkono wa kulia ukiwaka mpaka kwenye kiwiko, anautazama kama si wake. Mwalimu alimrukia na blanketi. Mimi nilirusha mchanga kwenye injini kwa mikono miwili, na nakumbuka nilishangaa kwamba hata moshi haukuwa na harufu. Jirani mwenye pikipiki ndiye aliyetupeleka hospitali, shemeji katikati yetu.

Wiki ya tatu hospitalini nilimweleza. Dada yangu alikuwa pembeni ya kitanda, anamlisha uji.

"Shemeji, pua yangu haifanyi kazi. Tangu yale mafua."

Aligeuza uso kutoka kwenye kijiko. "Kabla ya kwenda Kinanira?"

"Kabla."

"Mi nilikuambia nasikia esansi."

"Uliniambia."

"Nikafikiri mi ndiye nakosea," akasema. "Sababu ulikuwa we."

Dada yangu aliweka bakuli chini, akaniambia nitoke. Hakupandisha sauti. Mpaka leo hajaja kwangu, na nikienda kwao yeye huingia chumba cha ndani na kubaki huko mpaka niage.

Wateja niliwaambia wote. Wengine walihama, wengine bado huja, na sasa nafungua plagi mara mbili, tatu, na kumwomba mwenye gari aninusie. Wiki moja baada ya kumweleza shemeji nilimfungulia mwalimu kabureta lote, nikabadilisha sindano na nyaya zilizoungua. Gari liliwaka. Alilizima palepale, na sijawahi kumwona akiliendesha.

Shemeji siku hizi yuko bandarini, analinda mizigo inayosubiri meli. Vidole vyake vya kulia havikunjuki. Ijumaa msikitini huwapa watu mkono wa kushoto na kuwaomba radhi, mmoja mmoja. Mimi huswali safu ya nyuma, na salamu ya mwisho ikitolewa, huondoka mapema, kabla mkono huo haujanifikia.