Siku Nilipoipaka Rangi Kanzu ya Ubatizo

Jambo hili sikumsimulia mke wangu mpaka tulipopata mtoto wa tatu, na hata hapo ni kwa sababu mtu mmoja wa kule Momba alikuja Tunduma akanikuta naye sokoni, akanisalimia, "Mbatizaji, hujambo?" Mke wangu akageuka kuniangalia. Aibu niliyoificha miaka yote ikabidi niitoe pale pale, mbele ya mafungu ya nyanya.

Enzi hizo nilikuwa napaka rangi malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na nilijiona fundi kwelikweli. Basi Mzee Sichone, mvuvi wa kule Momba kando ya Ziwa Rukwa, akanichukua nikaikwangue boti yake ya mbao, nitoe lami na rangi nyekundu iliyozeeka kule chini, kisha niipake upya. Sharti lake lilikuwa moja.

"Fundi, boti ipandishwe nchi kavu kwanza. Maji haya ndiyo tunayokunywa."

Nikasema sawa, mzee.

Sasa kuipandisha ile boti kunataka wanaume kumi, na Jumapili ile wote walikuwa kwenye ibada, kwa sababu Mzee Sichone mwenyewe alikuwa anabatizwa (mkewe, Mama Enesi, alikuwa amemwombea miaka na miaka, mzee akijibu kwamba ana nyavu za kushona). Mimi nilitaka kuwahi lori la mahindi la kunirudisha Tunduma kesho yake asubuhi, nikaona kusubiri watu ni kupoteza siku. Nikajaza mawe upande mmoja, boti ikalala ubavu humo humo majini, nikaingia mpaka mapajani, nikaisugua kwa dizeli kama ninavyofanya kwenye chasisi za malori, nikaanza kukwangua. Maji yakawa mekundu. Niliyaona, sisemi uongo, ila nikajiambia ziwa lote lile haliwezi kushindwa na kopo la dizeli na maganda ya rangi.

Upande wa pili wa matete nikasikia kwaya. Wimbo nilikuwa naujua, nikawa nakwangua huku nawasaidia sauti ya pili. Kwamba upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwao, hilo halikunipitia kichwani kabisa.

Ghafla kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Nikapenya kwenye matete nichungulie. Mchungaji alikuwa amemwinua Mzee Sichone kutoka majini, na kanzu yake nyeupe ilikuwa na michirizi myekundu kuanzia kifuani hadi kiunoni, ndevu zimeshika vipande vya lami.

"Dhambi zinamtoka," mama mmoja akasema taratibu.

Mchungaji naye (simlaumu, angesema nini) akawageukia watu. "Mnaona wenyewe, ndugu zangu, jinsi zilivyokuwa nyingi."

Akafuata mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye hata mbuzi wa jirani hakuwahi kumfukuza, naye akaibuka mwekundu kuliko mzee. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Sichone akainua mkono wa kanzu, akaunusa, akaunusa tena.

"Mchungaji, hizi si dhambi. Hii ni boti yangu."

Wote wakageukia kwenye matete, na mimi nimesimama pale na brashi ya waya mkononi, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

Wachache walicheka, kisha kicheko kikafa chenyewe, maana akina mama walishaona utando wa mafuta unavyosambaa mpaka pale wanapochota, na vifaranga vya perege vinaelea tumbo juu. Mama Enesi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, leo tutapika kwa maji yapi?" Ningepigwa ningepata nafuu.

Lori la mahindi liliondoka bila mimi. Wiki nzima nilibeba maji ya kisima kwa baiskeli, mwendo wa saa nzima kwenda tu, nikigawa nyumba kwa nyumba, na kulikuwa na bibi mmoja ambaye hakupokea dumu lake mpaka nimsimulie upya kisa chote, tena nikiruka kipande ananirudisha. Boti ikapandishwa na wanaume kumi, mwalimu akiwemo, nikakwangua juu ya turubai, maganda tukayafukia mbali na maji. Mchungaji alipouliza kama ubatizo urudiwe, Mzee Sichone alikataa. "Nilizama, nikaibuka. Yaliyobaki ni ya fundi."

Tangu hapo brashi yangu naioshea kwenye kopo, nchi kavu, na nimeapa hivyo mpaka nife. Nikimkuta dereva ameingiza lori mtoni analiosha, namfuata. Huwa wananijibu kwamba uchafu utachukuliwa na maji. Nawaambia ni kweli, utachukuliwa, na huko unakopelekwa kuna watu. Wakiniuliza nimejuaje, naaga naondoka.