Fomu ya Mkuu wa Idara

Bahasha ilimkuta kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja shuka za kijani za chumba cha upasuaji. Aliyemletea ni wifi yake, ambaye ndiye aliyemtafutia kibarua hicho. Wafuaji wenzake walimwita Daktari, wengine kwa heshima, wengine kwa utani. Udaktari wenyewe ulikuwa wa kweli: katika nchi aliyotoka, kwa miaka kumi na sita alilaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi, na akawaamsha.

Hapa, Baraza la Madaktari lilikuwa limebakiza jambo moja tu kabla ya kumtambua kuwa bingwa: fomu ya siri ijazwe na mkuu wa idara alikofanya kazi. Mwezi ukiisha bila fomu, faili linafungwa, aanze upya.

Aliifungua bahasha, akasoma, akaketi juu ya lundo la shuka. Ilikuwa fomu ileile, ambayo Baraza liliituma kwenye hospitali yake ya zamani. Karani wa kule, mtu mwaminifu, aliona imeandikwa "Kwa Mkuu wa Idara", na mkuu wa idara alikuwa yeye. Tangu aondoke hakuteuliwa mwingine. Basi karani akamtumia.

Wifi alicheka hadi akajishika mbavu. "Si ujaze, wifi? Nani anakujua kukushinda?"

"Chema chajiuza."

"Kikiwa kimefungiwa kabatini hakijiuzi."

Kesho yake aliipeleka Barazani ikiwa bado tupu, aulize afanyeje. Karani wa dirishani hakuigusa. Alieleza kwamba fomu ya siri haipokelewi mkononi mwa mwombaji. Inatoka kwa mkuu wake, kwa posta.

"Mkuu wangu ni mimi."

Karani aliafiki kwa kichwa. "Sawa, mama. Basi mwambie aitume."

Alikaa kwenye benchi la ukumbini, fomu magotini. Umemfahamu mwombaji kwa muda gani? Una shaka yoyote kuhusu uwezo wake? Mwaka jana angecheka. Sasa alitazama viganja vyake vilivyochubuliwa na sabuni, asijue amuulize nani.

Pembeni aliandika kwamba anayeulizwa na anayeuliziwa ni mtu mmoja. Penye shaka, kalamu ilisita. Aliiinua, akaishusha, akatia alama kwenye Hapana. Kisha akanunua bahasha na stempu, akaitumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta lililokuwa ukutani mwa jengo lilelile, hatua nane kutoka dirishani.