Rimu Nilizosugua kwa Musherekha

Sisi tuliosugua sufuria kwa jivu tunajuana kwa vidole. Jumamosi za utoto wetu pale Lurambi zilianzia uani, sufuria zimepangwa kwenye nyasi, kipande cha gunia mkononi, ngozi imekauka hadi inapasuka. Mama alikuwa akiinua sufuria moja moja, na asipoona meno yake ndani, anairudisha chini bila neno. Mabinti zetu wa leo wana sabuni ya maji yenye harufu ya limau, na bado wanalia kucha zitaharibika. Nawacheka, lakini pia nawaonea wivu. Kusugua kwangu kulileta msiba nyumbani, na hadi mwezi uliopita sikuwa nimemwambia mtu.

Baba alikuwa mpima miwa kwenye mizani ya kiwanda. Alinunua gari kuukuu lenye rimu za aluminiamu, zile tulizoita rimu za spoti, na mtaani kwetu hapakuwa na lingine kama hilo. Jumapili tulijazana humo kwenda kanisani, tumepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, mama mbele na kitambaa chake cheupe kichwani, baba akiendesha polepole ili kila mtu atuone.

Likizo moja niliona rimu zimefifia. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua dawa yake. Nyuma ya jiko kulikuwa na chungu cha musherekha, yale maji makali ya jivu la maganda ya maharagwe ambayo mama aliyachuja kwa ajili ya kulainisha mrenda na kunde. Ukiwa na jeraha na tone likakugusa, utaruka. Nikayachanganya na jivu, nikapaka rimu zote nne, nikaacha zikae vile tulivyoacha sufuria iliyoungua, kisha nikasugua mpaka bega likauma. Mapovu yalitoka. Nilifurahi sana, nikidhani ni uchafu unaokimbia.

Zilimetameta kama wiki mbili. Halafu ile rangi ya juu ikaanza kubambuka na unga mweupe ukatokea ukingoni. Tairi la nyuma likawa linapoteza upepo. Baba alilipeleka kuzibwa, msumari haukuonekana. Kila asubuhi kabla ya kazi alilijaza kwa pampu ya mguu, akinung'unika, "Hii mvua ya Kakamega itatumalizia kila kitu." Nami nikaiacha mvua ibebe lawama.

Mama alikuwa na pumu. Asubuhi moja, vikombe vya chai vikiwa bado mezani, ilimbana hata akashindwa kutaja jina langu. Baba akambeba hadi garini. Tairi lilikuwa limelala chini kabisa. Akapiga pampu, upepo ukatorokea ukingoni. Akafungua nati zote ili aweke spea, lakini rimu ilikuwa imeshikana na chuma cha ndani, haikutoka. Akaipiga teke, akaipiga nyundo, jirani akaja na gogo. Mimi nilisimama kando ya mlango wa gari nimeshika kibeti cha mama, nikimsikia akivuta pumzi kwa mluzi. Niliona aibu, niliona hofu, na sikusema chochote. Rimu ilipobanduka hatimaye tukafika hospitalini, walituambia tumechelewa.

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwa fundi wa tairi kule Shirere. Alinionyesha unga mweupe kwenye rimu.

"Hii si uchafu, madam. Ni kutu. Ya aluminiamu haikuwangi nyekundu."

"Inatoka na nini?"

"Brashi ya waya, msasa, halafu rangi. Na hapa ndani tunapaka grisi kidogo isishikane." Akainama tena. "Mnaoshanga na nini? Vitu kali ndiyo inaharibu. Hata jivu."

Nilikaa kwenye benchi lake nikalia. Kijana wa watu akadhani ameniudhi.

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja kwa baba. Watoto wa siku hizi hutuma pole kwa simu kabla kosa halijapoa, na wanaendelea na maisha yao. Tunawaita wepesi. Sisi tulilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, tukaona ndiyo adabu, na mimi nilinyamaza mpaka kichwa cha baba kikaanza kuchanganya siku. Asubuhi anakujua, jioni anakuita kwa jina la shangazi. Kama ningalisema nikiwa na miaka tisa, fundi yeyote angalitoa zile rimu, akazipiga brashi, akapaka grisi. Ilikuwa kazi ya nusu siku.

Nilimkuta barazani akiota jua. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: chungu, jivu, mapovu, ile asubuhi. Alinisikiliza vizuri, mkono wake juu ya kichwa changu.

"Rimu zote nne?" akauliza.

"Zote, baba. Unisamehe."

Akatazama huku na huku kama mtu anayeogopa kusikika, kisha akaniinamia.

"Mama yako anajua?"

"Hajui, baba."

"Basi tusimwambie. Akikasirika, kifua kinambananga."