Panga Saba za Mahali

Upanga wa kwanza niliutaka kwa sababu ya swali. Miaka ile ya serikali ya jeshi nilikuwa nafagia jumba la sinema hapa Kampala, na kazi yangu ilianza picha ya mchana ikikaribia kwisha. Kwa hiyo nilijua miisho mingi bila mianzo yake. Siku moja steringi, yule mkubwa wa picha, alichomoa upanga mrefu kutoka kwenye ala fupi. Nilisimama na ufagio wangu. Upanga mrefu unatokaje kwenye ala fupi? Kesho yake nikaja mapema kutazama palepale, na keshokutwa tena. Sikupata jibu. Nikaona dawa ni kuutengeneza.

Nilipima kwa ufagio. Steringi akiuweka upanga kando ya mwili wake, naangalia ncha inafika wapi. Kama inatoka kiunoni kufika begani, nami naweka ufagio kiunoni, nafunga uzi penye bega. Mti wa ufagio wangu ukajaa nyuzi kama mkono wa mtoto anayeuguaugua aliyefungwa hirizi.

Fundi wangu alikuwa Muganda wa Mengo, mtengeneza vitanda na viti. Sinema hakuwahi kuingia. Alisema giza analo la bure nyumbani. Nilimlipa kwa sukari, maana sukari ilikuwa adimu na mume wangu, askari polisi, aligawiwa kidogo kazini.

"Nyabo," fundi aliniuliza, ndivyo Waganda wanavyomwita mama, "huyu mtu anapigana na nani?"

"Na watu kumi."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi mpini iwe mrefu. Watu kumi watamchosha."

Alichonga mvule, akapaka rangi ya fedha, mpini akauzungushia vipande vya lubugo, ile nguo yao ya gome la mti. Halafu akachonga ala kama nilivyomwonyesha kwenye ufagio. Upanga haukuingia. Alikaa akautazama, akacheka peke yake. "Nyabo, wamekudanganya. Iko panga mbili. Moja ya kuchomoa, moja ya kupigana. Ukipepesa jicho wanabadilisha." Nilifurahi wiki nzima. Mtu ambaye hajaona picha hata moja ndiye aliyenifumbulia.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Kila picha ilikuja na upanga wa namna yake, nami nilitaka kujua: kwa nini huu una tundu kwenye bapa, kwa nini ule una shada la nyuzi. Nikawa na panga sita za mbao. Wa saba, wa steringi mpanda farasi, ulikuwa umenyooka vizuri, halafu ncha yake imepinda kidogo tu, kama kidole kinachoita mtu. Mbao ilivunjika mara mbili pale penye kupinda. Fundi akakasirika, akatafuta springi ya lori, akampelekea mhunzi. Haukutiwa makali, lakini ulikuwa chuma, na ukiugonga unalia.

Ndipo ikasemwa kwamba nyumba za askari kule Nakawa tulikokaa zitapekuliwa, atakayekutwa na silaha isiyo ya serikali ataeleza mbele ya safari. Mume wangu alivua kofia, akaniambia, "Mama watoto, kesho nikirudi nisikute hata kijiti. Choma."

"Cha chuma nitachomaje?"

"Usinitanie. Watu wamekwenda kwa kitu kidogo kuliko hicho."

Alisema kweli, na mimi sibishani na kweli. Lakini kuchoma sikuchoma. Nilimwita fundi aje na baiskeli azirudishe Mengo, zikae katikati ya mbao zake. Nilizifunga ndani ya mkeka, ule wa chuma katikati kabisa. Asubuhi fundi akasukuma baiskeli, mimi nikafuata nyuma nimeshika mkeka.

Tulikuta kizuizi cha jeshi mahali ambapo jana hakikuwepo.

"Fungua," akasema askari. Alikuwa kijana wa kaskazini, upande wa kwetu, nilimjua kwa chale za usoni. Akavuta upanga wa kwanza, akaugonga kwenye buti lake. "Hii mbao. Ya nini?"

Aliyejibu ni fundi. Alitaka kusema tunazipeleka mahali fulani, basi. Akasema, "Za mahali, afande. Tunapeleka mahali."

Sasa, Waganda herufi hizi mbili, la na ra, huwasumbua, na askari yule alikuwa amekaa Kampala siku nyingi, amezoea kuwasahihisha kwa sikio. Kwake mahali ya Muganda ni mahari.

"Mahari ya nani?"

"Mahali ya Mengo, afande."

"Mengo siku hizi wanataka panga? Mimi najua nyinyi ni kanzu na kuku."

Fundi akanitazama. Hakuelewa kuku wametoka wapi. Mimi nilielewa mara moja, maana kwetu kaskazini mahari bila chuma si mahari: majembe, mikuki, ndipo ng'ombe. Nikafunga mdomo. Sijawahi kupenda uongo, na siku ile sikuusema, lakini niliuona unapita nikausogezea njia.

Akavuta wa pili, wa tatu, wa nne. Mbao, mbao. Nilikuwa nahesabu pamoja naye. Alipovuta wa saba mkono wake ulishuka kwa uzito. Akaugonga. Ukalia.

Akaugonga tena. Fundi alishika usukani wa baiskeli kama mtu aliye mtoni.

"Sita mbao, moja chuma," askari akasema. "Mzee, unadanganya wakwe."

"Hapana, afande."

"Unadanganya. Mimi baba mkwe wangu akiona hii mbao atanifukuza na mbwa." Akaupindua ule wa chuma, akapitisha kidole gumba kwenye ncha. "Na hapa kwa nini imepinda?"

Fundi hakujua, kwa hiyo nilijibu mimi. "Mwenyewe ni mtu wa farasi. Akipiga kwa kunyooka, upanga unanasa na farasi anaendelea kwenda. Ikipinda kidogo, inateleza inatoka."

Akajaribu hewani, mara mbili, polepole, macho yakimfuata mkono. "Kumbe," akasema. Akaurudisha kwenye mkeka yeye mwenyewe. "Nendeni. Mwambie bwana harusi aongeze chuma."

Tulipofika mbali fundi akauliza, "Nyabo, bwana harusi nani?" Nikamweleza. Alikaa chini kando ya barabara.

Panga zilikaa Mengo mpaka serikali ile ilipoondoka. Za mbao ninazo, isipokuwa mmoja ulioliwa na wadudu. Ule wa chuma sinao. Mwanangu alipokwenda kuoa kwetu kaskazini, niliutia pamoja na majembe, maana neno lile la mahari lilinikaa rohoni miaka yote na nilitaka liwe kweli. Baba wa binti alihesabu majembe, akafika kwenye upanga, akaushika akaugeuza.

"Hapa," akaniuliza, "kwa nini imepinda?"