GV Ukweni

Wanaume wenzangu, msiende ukweni na kidole chenye GV. Jumapili nilimnunulia mama mkwe sato pale soko la samaki la Mwaloni, mwiba wa pezi ukanichoma kidole. Spiriti niliiogopa kwa kuwa inauma, basi mke wangu akanipaka GV, ile dawa ya zambarau isiyouma, ila rangi yake ni kero.

Mezani nikajifanya mkwe mwenye adabu: matonge mawili tu, nimeshiba. Wenyeji walipotoka kusindikiza wageni wengine, nikaingia jikoni, nikala kichwa cha sato, nikalamba vidole vyote, vizima na kile kigonjwa.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya Kisukuma hanitazami usoni, siku hiyo aliporudi alinitazama vizuri.

“Pole, baba. Kumbe mwiba ulikuchoma hadi mdomoni?”