Salamu Baadaye

Mtaa mzima wa Kizwite, pale Sumbawanga, ulikubaliana juu ya mambo mawili kuhusu Mama Bertilla: kwamba mandazi yake hayakuwa na mfano, na kwamba adabu yake ilikuwa na kasoro. Mandazi tuyaache. Kasoro ilikuwa hii: akikuletea habari, alikupa habari kwanza, salamu baadaye.

Kwa Wafipa hilo si jambo dogo. Mwanamke aliyelelewa vizuri akifika kwa watu hupiga magoti, akapiga makofi polepole, akauliza wenyeji wameamkaje, watoto, shamba, mvua, wagonjwa, mpaka mwenyeji mwenyewe aseme haya, tuambie kilichokuleta. Bertilla aliyajua yote hayo, na aliyafanya vizuri kuliko wengi. Ila aliyafanya mwisho. Angesimama mlangoni na vumbi lake miguuni, aseme, "Adela, binti yako amejifungua salama, mtoto wa kike," halafu ndipo apige magoti. Habari za msiba nazo alizitoa hivyo hivyo, bila kuzunguka, na wapo waliomnunia kwa hilo miaka na miaka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mwanzoni mwa tisini. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka Sumbawanga kila kona, na wafanyabiashara walipanda na malori yao kununua mahindi ambayo zamani yalikuwa na mnunuzi mmoja tu, serikali. Kila kitu kilikwenda mbio isipokuwa habari. Simu ilikuwa posta, na foleni yake unaijua. Barua ilijiendea kwa raha zake. Kwa hiyo watu waliacha maneno yao kwenye kibanda cha chai cha Bertilla, pale yaliposimama malori ya kwenda bondeni Rukwa. Kusoma hakukumkaa vizuri. Alimtaka mwenye ujumbe auseme mara tatu, naye aurudie mara tatu, kisha aupime. Ujumbe wa kawaida ulikwenda na dereva. Wa kufa na kupona aliupeleka mwenyewe.

"Madereva ni watu wazuri," alikuwa akisema, "lakini dereva akishuka kwenye lori, kwanza anapita kwa mke mdogo."

Tabia hii aliirithi kwa bibi yake, Hilaria, aliyemlea. Mume wa Hilaria, Beda, alichukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, na Bertilla hakumwona kamwe. Bibi alivieleza vita vile kwa maneno machache kuliko walimu wa shule. Mtu wa ukoo wa kifalme aliuawa kwenye mji wa mbali huko Ulaya. Wakubwa wakashikana mashati. Na baada ya mwaka mmoja au miwili gunia la unga likatua juu ya kichwa cha Beda, Ufipa. Wanasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hilaria aliongeza kwamba nyasi za huku zilibebeshwa hata mizigo ya tembo.

Beda alibeba kutoka Kasanga ziwani, akapandisha mpaka Mbala, ng'ambo ya mpaka, kuwalisha askari wa Mwingereza waliokuwa wakimfukuza Mjerumani. Wenzake walianguka kwa kuhara, kwa baridi, kwa njaa huku wamebeba chakula. Yeye alidumu. Kisha, mwezi wa Novemba, mvua zikianza, msafara wao ukakutana njiani na tarishi aliyeshika barua kwenye ufito uliopasuliwa. Tarishi akasimama. Akawasalimu, akauliza habari za nyumbani, akauliza mvua imefika wapi, kila mmoja akajibu kwa zamu kama inavyopasa. Halafu akaenda zake, nao wakaenda zao.

Barua ile ilisema vita vimekwisha. Tarishi alilijua hilo, maana kambi nzima alikotoka walikuwa wakilizungumza. Lakini barua ilikuwa ya afisa, haikuwa ya wapagazi, na hakuna aliyeona haja ya kuwaambia. Jioni ile Beda aliingia mtoni na gunia lake, maji yakamshinda, na gunia halikumwachia. Alikufa akipeleka unga kwenye vita ambavyo havikuwapo tena.

Mpagazi mwenzake ndiye aliyerudi na kumwambia Hilaria, na kila masimulizi yake yalipofika kwa tarishi alirudia jambo moja akitikisa kichwa: "Alitusalimu vizuri sana."

Bertilla aliyasikia maneno hayo tangu akiwa mdogo, jikoni, bibi akisonga ugali wa ulezi, na kila mara yalimpandisha hasira. Ndiyo maana alikuwa alivyokuwa.

Sasa Jumatano moja ya masika, alasiri, kijana wa Kisukuma aitwaye Malimi aliingia kibandani akichechemea, mguu umevimba kama kibuyu. Bertilla alimfahamu, baba yake, Mzee Masanja, alikuwa mfugaji nje ya Ilemba, bondeni. Ng'ombe wao thelathini na wanane walikuwa wameibwa. Wafugaji waliwashuku wakulima wa ng'ambo ya mto, maana ugomvi wa mazao kuliwa ulikuwa wa siku nyingi. Wakulima nao walisikia wanashukiwa, wakaanza kunoa mapanga. Malimi alifuata nyayo siku tano, akawakuta ng'ombe huku juu, kwenye mji wa Matai, wote, wamekamatwa na polisi pamoja na wezi, watu wasiojulikana kabisa bondeni.

"Baba alinipa mpaka kesho, jua likifika utosini; nisiporudi wanavuka mto," Malimi alisema. "Mama, masika hii malori yanakwama, na kwa mguu huu siwezi ule mteremko."

"Sema tena," alisema Bertilla. Malimi akasema mara tatu. Naye akarudia mara tatu.

Alfajiri alipanda lori la kwanza. Kwenye ukingo wa uwanda wa juu, pale barabara inapoanza kutumbukia bondeni, lori likazama kwenye tope hadi ekseli, na dereva akatandika kanga ya abiria chini yake, akajilaza kusubiri wa kumvuta. Bertilla hakusubiri. Mwanamke wa miaka hamsini na nane alivua viatu, akafunga kibwebwe, akashuka kwa njia ya miguu akishika mizizi. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alikaa chini kidogo akajiuliza kama ana akili timamu, kisha akaliona jua lilipo, akainuka.

Alipofika kwa Masanja jua lilikuwa limeshapita utosini. Uwanjani walikuwepo wanaume kama thelathini na mikuki yao, na mzee mwenyewe kwenye kigoda, mtu mzima wa miaka sabini na zaidi. Kila mtu alimgeukia yule mwanamke aliyejaa tope, akingoja magoti na shikamoo.

"Ng'ombe wako Matai, wote thelathini na wanane," alisema Bertilla, amesimama. "Malimi amewaona kwa macho yake. Wezi wamekamatwa, si watu wa ng'ambo."

Masanja alimgeukia mwanawe mwingine. "Mboje, pembe. Upesi."

Ndipo Bertilla alipoelewa kwamba kundi la kwanza lilikuwa limekwisha kuondoka kwenda mtoni, na pembe ilikuwa ya kuwarudisha.

Mboje akakimbilia kwenye kichuguu, akapuliza, akapuliza tena. Hakuna kilichojibu. Bertilla akapiga magoti mbele ya mzee, akapiga makofi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," aliitikia mzee, akimwita mama kwa Kisukuma.

Na kwa kuwa hakukuwa na jingine la kufanya, walisalimiana. Aliuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Aliuliza za ndama, za malisho, za mvua, za jino lililokuwa likimsumbua mzee tangu mwaka jana. Masanja alijibu kila kitu, macho yake kwenye vichaka vya mtoni. Bertilla hakuwahi kusalimu kwa kirefu namna ile maishani mwake, na aliogopa kufika mwisho.

Walikuwa kwenye habari za wagonjwa pale vijana wa kwanza walipotokeza, wakitembea kivivu, mikuki begani. Masanja akawahesabu kwa kidole, akahema.

"Walikuwa kwenye kivuko," alisema Mboje aliporudi. "Wanasema wa mbele alikuwa ameshatia mguu majini. Kidogo tu wasingesikia."

Mzee alikuwa akipima muda, ilionekana: muda wa magoti, wa makofi, wa habari za ndama. Kisha akamtazama Bertilla.

"Nani alikufundisha kuanza na habari, mayu? Maana kwa Wafipa ninaowajua mimi, sasa hivi tungekuwa bado kwenye habari za mvua."

"Babu yangu."

"Yuko hai, nimpelekee dume?"

"Alikufa mtoni," alisema Bertilla, akijifuta tope usoni kwa ncha ya kanga. "Alikuwa amesalimiwa vizuri sana."