Kengele ya Kugusa

Baba alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulipooza na sauti ikabaki mnong'ono. Alikuwa amechunga ng'ombe wa ranchi kule Ndara maisha yake yote, mtu wa kuita akasikika bonde zima. Sasa alilala chumbani kwetu mtaa wa Kaloleni, na Mama, akiwa jikoni nje, alikuwa akiacha sufuria kila mara kwenda kumchungulia.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Voi. Nilimletea Baba kengele ya kubonyeza, lakini vidole vyake vya kushoto vilikuwa vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Havikuwa na nguvu ya kubonyeza chochote.

Nikakumbuka somo la chuo cha ufundi: ngozi ya mtu hupitisha umeme, kidogo mno hata mwenyewe hausikii, ila transista mbili zikiunganishwa vizuri huukuza mpaka uweze kuliza king'ora kidogo. Nikakata foili ya kufungia chapati vipande viwili, nikavibandika kwenye kifuniko cha plastiki, vikaribiane bila kugusana. King'ora nilikitoa kwenye gari bovu la kuchezea, nikakiunganisha kwa nyaya na transista, betri na ile foili.

Nikaweka kidole juu ya vipande vyote viwili. King'ora kikalia. Mama akaja mbio.

"Kuna nini tena?"

"Najaribu tu, Mama."

Nikaweka kidole cha Baba pale pale. Kimya. Nikabadilisha betri, nikakaza nyaya. Kimya.

"Labda nimeshakufa hamjaniambia," akanong'ona.

Mama hakucheka. Mimi nilicheka, halafu nikautazama ule mkono: mkavu, ngozi ngumu imepasuka. Umeme ungepitia wapi? Nikakata sponji ya kuoshea vyombo, nikalowesha vipande kwa maji ya chumvi, nikaweka kimoja kimoja juu ya foili. Baba akagusa. King'ora kikalia mpaka kuku wakatawanyika uani.

Tangu hapo hatukupumzika. Aliita afunguliwe dirisha, aongezewe sukari, aambiwe nani amepita barabarani. Kwa kuunyoosha mkono ule kila saa, vidole vikaanza kulegea.

Asubuhi moja kengele ililia, Mama akaingia akifuta mikono kwa kanga.

"Haya, unataka nini sasa?"

"Sina shida. Keti."

Akavuta stuli, akaketi.